Ripoti za kompyuta zitupe vipimo vya umbo lililopinda, si picha za rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye vyombo vya baharini, pamoja na wahandisi wanaowachorea, kuhusu ripoti za uigaji, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia chombo kitakavyopinda kikibeba mzigo, zinazoletwa siku hizi zikiwa na picha nyekundu, kijani na buluu. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa sentensi mbili. Fedha za watu zinatiwa katika vyombo hivi, na roho za watu husafiri ndani yake, lakini swali moja haliulizwi: chombo kikishabeba mzigo na kupinda, umbo lake jipya lina vipimo gani?

Mimi ni binti wa Lamu, mzaliwa wa Langoni. Nilisomea ufundi mitambo Mombasa nikarudi nyumbani, na kazi yangu ni injini za ndani za mashua: kuzifunga, kuzilinganisha na shafti, kuzitengeneza zinapokorofisha. Usiku, nyumba ikishatulia, hukaa na kompyuta nikachora na kufanya hesabu za uigaji kwa programu za bure. Kwa hiyo nazungumza kama mtu mwenye grisi mikononi na pia anayejua kilichomo ndani ya hizo picha.

Nahodha mmoja tunayeheshimiana sana, anayebeba abiria na mizigo kati ya Mokowe na kisiwani, aliagiza mashua mpya ya faiba yenye injini ya dizeli ndani. Waliomchorea ni kampuni ambayo sitaitaja, maana makosa yenyewe nimeyaona kwa wengine pia. Akaletewa ripoti yenye jalada zuri. Ndani mna picha ya mashua iliyopinda mgongo kama ndizi, ubavuni nyekundu, omo buluu, na chini yake maandishi: upeo wa uhamaji milimita 14.2, muundo ni salama.

Nahodha alikuja kwangu na ripoti kwapani. "Binti yangu, ndiyo itakavyokuwa mashua yangu hii?"

Nikamwambia, "Hapana, Ami. Picha imekuzwa."

Mwenzake aliyechangia fedha, alikuwa amesimama mlangoni, akadakia: "Sikukwambia? Ni picha tu, haina maana."

Na hapo ndipo ilipo hatari. Mmoja ameogopa bure, mwingine amepuuza bure, na ripoti iliyolipiwa haikumsaidia yeyote kati yao. Picha ina maana kubwa, ila maana hiyo haiko katika rangi wala katika mpindo unaouona kwa macho.

Niieleze kwanza hiyo ndizi. Mashua ya mita 11 ikipinda kwa milimita 14, jicho halioni kitu. Kwa hiyo programu hukuza mpindo ili mtu aone unaelekea wapi, na kizidishi huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Katika ripoti ile kilikuwa 60. Programu ya Abaqus, kwa mfano, hesabu ikiwa ya mipindo midogo hujichagulia kizidishi yenyewe, na ikiwa ya mipindo mikubwa huonyesha umbo jinsi lilivyo, yaani kizidishi 1. Ansys nayo humwachia mtu achague kati ya ukuzaji wa kujiendesha na ukubwa wa kweli. Hakuna ubaya katika kukuza. Ubaya ni kumpa nahodha picha iliyokuzwa mara 60 bila neno lolote la kumweleza, na ubaya zaidi ni mtu kuweka rula juu ya picha hiyo akadhani anapima. Nimewaona wanaofanya hivyo.

Sasa hiyo milimita 14.2. Nilimuuliza nahodha, nikawauliza kampuni kwa simu: 14.2 kutoka wapi hadi wapi? Jibu lilikuwa kwamba ndiyo sehemu iliyohama zaidi kuliko zote. Nilipofungua matokeo nikakuta ni ubavuni, kati ya taruma na taruma, zile mbavu za ndani za chombo, pale maji yanaposukuma ganda la faiba kuingia ndani. Kwa fundi injini nambari hiyo haisemi kitu. Ubavu wa mashua ukibonyea milimita 14 mzigo ukishapakiwa, abiria hatajua na maji hayataingia. Ninachotaka kujua mimi ni flenji ya giaboksi na flenji ya shafti, ambazo nilizilinganisha kwa uangalifu, zimebaki zikitazamana au la.

Wasiofanya kazi hii niwaeleze kidogo. Injini imekaa juu ya kitanda chake ndani ya mashua. Nyuma yake giaboksi, nyuma ya giaboksi kaplingi yenye flenji mbili, yaani sahani mbili za chuma zinazotazamana uso kwa uso, kisha shafti inayopita ndani ya bomba hadi nje kwenye propela. Kulinganisha, unasogeza flenji mbili hadi zinakaribia kugusana, unachukua fila geji, ule ukanda mwembamba wa chuma wenye unene unaojulikana, unaupenyeza juu, chini, kushoto na kulia. Kisha unaizungusha shafti kidogo na kupima tena. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba tofauti ya mwanya isizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha flenji. Flenji ya milimita 100 basi inaruhusu milimita 0.1, ambayo ni unene wa karatasi. Ikizidi hapo, mashua hutetemeka, paking huvuja, beringi huliwa, na ukiendelea hivyo shafti hukatika mchana kweupe mkondoni.

Na kila fundi aliyefundishwa vizuri anajua kwamba ukilinganisha chombo kikiwa nchi kavu hujamaliza. Kikishashushwa majini lazima kiachwe kitulie, ndipo fila geji irudi tena, kwa sababu ganda limebadilika umbo. Juu ya magogo mashua imeshikwa mahali pachache, na majini inabebwa tumbo zima. Jambo hilo tunalijua kwa vidole. Ndiyo maana ninashangaa ripoti ya kurasa nyingi inapolipita bila kuligusa.

Nikaomba faili ya matokeo. Walisita, wakasema si desturi, baadaye wakaitoa, na kwa hilo nawashukuru. Waliniambia pia jambo ambalo nimelisikia mara nyingi: kwamba programu yao haiwezi kupima umbo lililopinda, kwani kifaa cha kupimia kilichomo hupima umbo la awali tu. Hilo la kifaa ni kweli kwa programu nyingi. Ukibofya nyuso mbili ukaomba umbali, unachopewa ni umbali uliochorwa siku ya kwanza, hata kama mbele yako skrini inaonyesha chombo kimepinda. Mtu asiyejua ataandika nambari hiyo kwenye ripoti akiamini amepima mpindo. Lakini kusema haiwezekani si kweli, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Hesabu ya aina hii, ambayo mhandisi Ray Clough aliipa jina lake la kitaalamu, "finite element", mwaka 1960, huugawa mwili wa chombo kuwa vipande vidogo vinavyoungana kwenye nodi. Kila nodi ina mahali pake pa awali katika pande tatu: urefu, upana na kimo. Kompyuta ikishamaliza kazi huipa kila nodi nambari tatu nyingine, yaani imehama kiasi gani katika kila upande. Jumlisha mahali pa awali na uhamaji, upande kwa upande, umepata mahali papya. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Ukiwa na mahali papya pa nodi mbili, umbali wao unapatikana kwa kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni. Ukiwa na nodi nne una mistari miwili, na pembe kati yake. Ukiwa na nodi za mzingo wa tundu, unatafuta duara linalozikaribia zote, unapata kitovu kipya na unajua tundu limekuwa yai kwa kiasi gani.

Nichukue nambari za mashua ile, nikizipunguza ziwe nyepesi kufuatwa. Weka nukta tatu juu ya mstari mmoja: flenji ya giaboksi, mdomo wa mbele wa bomba la shafti, milimita 800 nyuma yake, na mdomo wa nyuma wa bomba, milimita 1,000 nyuma zaidi. Mzigo ukishapakiwa, flenji imeshuka milimita 1.8, mdomo wa mbele umepanda 2.0, mdomo wa nyuma umepanda 4.0.

Ripoti ilikuwa na jedwali la uhamaji wa jumla, na uhamaji wa jumla hauna juu wala chini, ni ukubwa peke yake. Humo flenji ni 1.8 na mdomo wa bomba ni 2.0. Aliyeandika alitoa moja kwa nyingine, akapata 0.2, akaona ni kidogo, akapita. Lakini moja imeshuka na nyingine imepanda! Ukitia alama ya kupanda na kushuka, tofauti ni 3.8. Mtu atasema basi jibu ni 3.8, shafti imeharibika vibaya. Hapana, hiyo nayo si sawa. Sehemu ya 3.8 hiyo ni mashua nzima kuinama kidogo, omo chini tezi juu, na shafti imeinama pamoja nayo bila kudhurika. Linalotakiwa ni kuchora mstari mpya wa shafti kupitia midomo miwili ya bomba mahali ilipo sasa, kuurefusha hadi mbele, kisha kuangalia flenji imekaa mbali nao kiasi gani. Mstari huo umepanda milimita 2 kwa kila milimita 1,000. Ukienda mbele 800 kutoka kwenye 2.0, hadi ilipo flenji, unapoteza 1.6, unabaki na 0.4. Flenji iko 1.8 chini. Jumla milimita 2.2.

Tuna nambari tatu basi kutoka faili moja: 0.2, 3.8 na 2.2. Moja tu ndiyo inayomhusu fundi. Na hapo bado pembe: shafti ikiinama 2 kwa 1,000, juu ya flenji ya milimita 100 uso mmoja unafunguka milimita 0.2 ikiwa giaboksi imebaki imelala vile vile. Giaboksi nayo haikubaki vile vile, kwa hiyo nikapima mstari wake pia. Mbele ya kanuni ya 0.1, mashua iliyoandikwa salama ilikuwa inakwenda kula beringi.

Mzee mmoja fundi wa mashua Matondoni, ambaye mimi humwita Ami ingawa si ndugu wa damu, aliniona nikichora nukta hizo kwenye karatasi. Akanichukua hadi kwenye jahazi la zamani lililopandishwa pwani. Alifunga mshipi kwenye mkuku upande wa omo, akauvuta hadi tezi ukakaza kama waya, akatembea chini yake akiwa na kipande cha ubao alichokitia alama, akipima kutoka mshipi hadi mkuku kila baada ya hatua. Katikati mkuku ulikuwa umeinuka upana wa vidole vinne. "Jahazi hili limevunjika mgongo," akasema, "lakini ukilipima kutoka ardhini hutajua, kwa sababu ardhi yenyewe haiko sawa." Nikamwambia, Ami, hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaeleza wenye kompyuta. Akajibu kwamba yeye alifundishwa na baba yake: kipimo cha chombo hushikwa kwenye chombo chenyewe.

Wanaotumia kompyuta huisahau kanuni hiyo kila siku. Hesabu lazima ishikilie chombo mahali fulani, la sivyo kitaelea bila kikomo kwenye skrini. Ukikishikilia omo, tezi itaonekana imehama sana. Ukikishikilia tezi, omo itaonekana ndiyo mbovu. Upeo wa uhamaji unabadilika kwa chaguo la mtu aliyekaa kwenye kiti, wakati bahari haijabadilika wala mzigo haujabadilika. Umbali kati ya nukta mbili za chombo chenyewe haubadiliki kwa chaguo hilo, mradi ushikiliaji umefanywa bila kukibana chombo. Ndiyo maana nambari ya upeo pekee, iliyoandikwa kwa wino mzito, hainiridhishi.

Yako mambo mengine mawili yanayopotosha vipimo hata kwa mtu anayejua kujumlisha nodi. La kwanza ni hesabu ya mipindo midogo. Hesabu hiyo huchukulia kwamba kila nukta inayozunguka inakwenda kwa mstari ulionyooka, si kwa tao. Kitu kikizunguka kidogo sana hakuna tofauti ya kushika. Kikizunguka nyuzi 10, urefu wake hukua kwa kama asilimia 1.5 bila kuvutwa na chochote. Foromali ya mita 3 itasomeka imerefuka milimita 45, urefu wa uongo mtupu uliotengenezwa na hesabu. Kwa mlingoti, foromali, kamba na kitu chochote chembamba kinachopinda sana, lazima uwashe hesabu ya mipindo mikubwa kabla ya kupima umbo. Itachukua muda mrefu zaidi. Acha ichukue.

La pili ni ukubwa wa vipande. Umbo ulilolipinda kwenye kompyuta ukilitoa kama mwili mpya ulioundwa kwa pembetatu bapa, miviringo yake si miviringo tena. Tundu la nusu kipenyo milimita 50 lina mzingo wa milimita 314.2. Likigawanywa pande nane zilizonyooka, mzingo unasomeka 306.1. Umepoteza milimita 8 kabla hata mzigo haujawekwa, na wewe unatafuta mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita! Ongeza pande ziwe 32, upungufu unashuka chini ya milimita moja. Kwa hiyo pima umbo la awali kwa njia ile ile utakayopimia lililopinda, juu ya nodi zile zile, ndipo utoe tofauti.

Vipande vibaya havidanganyi vipimo peke yake. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norway, msingi mkubwa wa saruji wa jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi, Sleipner A, ulizama karibu na Stavanger ukiwa unajaribiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu ya kompyuta, iliyofanywa kwa programu ya NASTRAN, ilikuwa imepunguza nguvu za mkato kwenye kuta kwa asilimia 47, kwa sababu ya vipande vikubwa vilivyopangwa vibaya, na vyuma vya ndani havikutosha. Wale walikuwa wahandisi wa nchi tajiri wenye kompyuta kubwa. Sisi wa mashua za Mokowe tuna sababu gani ya kuamini picha bila kuuliza?

Watu wameniambia kazi hii inataka programu za bei ghali. Si lazima. CalculiX ni ya bure, imeandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya injini za ndege ya MTU, München, na inafanya hesabu za mipindo midogo na mikubwa. FreeCAD, ya bure pia, huitumia ndani yake. Ukitaka kuona na kupima, ParaView ina kichujio kinachohamisha kila nodi kwa kadiri ya uhamaji wake; weka kizidishi 1, si kile inachokupa au ulichotumia kwa picha, halafu rula yake itasoma mahali papya. Mimi binafsi napenda zaidi kutoa orodha ya nodi na uhamaji wake nikaiweka kwenye jedwali la kompyuta na kuandika kanuni mwenyewe. Jedwali linaonyesha kila hatua, na mtu mwingine anaweza kulikagua kwa kalamu. Rula ya skrini haimwachii mkaguzi chochote cha kufuata.

Jambo hili litazidi kuwa kubwa hapa kwetu. Mbao ngumu nzuri ni haba na ghali, na watu wanageukia faiba na plastiki. Mashua ya Flipflopi, iliyojengwa papa hapa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kufika Zanzibar mwaka 2019, imeuonyesha ulimwengu kwamba inawezekana, nami najivunia kwamba ilitoka mikononi mwa mafundi wetu. Lakini plastiki ya aina ya ndoo na madumu ina ukakamavu wa kama gigapaskali 1, mbao nyingi za kujengea zinakaribia 10 kwa upande wa nyuzi, na chuma ni kama 200. Maana yake ubao wa plastiki wa unene ule ule hupinda kama mara kumi kuliko wa mti chini ya mzigo ule ule. Tena plastiki huendelea kulegea taratibu ikiachwa na mzigo, hivyo umbo la leo si umbo la baada ya kusi na kaskazi kadhaa. Katika vyombo kama hivyo nguvu za kuvunjika mara nyingi si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni umbo: usukani kukwama kwenye bawaba zake, mfuniko wa ngama kutofunga, shafti kukosa mstari. Anayepima nguvu peke yake atakuambia salama, na atakuwa hajasema uongo, ila chombo hakitaendeka.

Na ripoti ile ilikuwa na upungufu mwingine ambao mtu wa pwani tu ndiye angeuona. Ilihesabu hali moja: mashua inaelea, imejaa, maji shwari. Kwetu chombo hupwelewa. Maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, mashua zilizofungwa mbele ya mji hukaa juu ya matope, nyingine zimelalia ubavu, mkuku umeshikwa mahali pamoja na tezi iko hewani ikiwa na uzito wa injini. Hiyo nayo ni hali ya mzigo, na huja mara mbili kwa siku! Vipimo vya flenji vilipaswa kutolewa kwa hali ya kuelea tupu, kuelea na mzigo, na kupwelewa. Nilipoiongeza hali ya kupwelewa, nukta zangu tatu zilihama kwa upande mwingine kabisa. Hapo nikajua kwamba hata ningelinganisha shafti kwa kukisia mpindo wa mzigo, nisingepata mahali pamoja panapofaa hali zote, na dawa ilikuwa kukifanya kitanda cha injini na bomba la shafti viwe mwili mmoja wenye mihimili mirefu inayopita mataruma kadhaa, ili vihame pamoja. Kampuni ile, nisiwanyime haki yao, walilikubali hilo na wakachora upya.

Kwa hiyo nasema na walimu wa vyuo vyetu vya ufundi hapa Pwani: msimfundishe kijana kubofya tu hadi rangi zitokee. Mfundisheni kuchagua nukta zinazohusu kazi, kuandika mahali pake pa awali na papya, na kupima kwa mkono. Nasema pia na wakaguzi wa vyombo vya majini: mnapopokea ripoti ya uigaji, dai ukurasa wa vipimo vya umbo lililopinda, nukta zikiwa zimetajwa majina yanayojulikana na fundi, kizidishi cha kila picha kikiwa kimeandikwa wazi, na aina ya hesabu, midogo au mikubwa, ikiwa imetajwa. Hayo ni kazi ya saa chache kwa mtu aliyekwisha kufanya hesabu yenyewe.

Nanyi manahodha na wenye mali, msione haya kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza: milimita hizi ni kutoka wapi hadi wapi? Chombo mlikishikilia wapi mlipohesabu? Kikipwelewa inakuwaje? Na katika mkataba, kabla ya kutia sahihi, andikeni kwamba faili ya matokeo, yenye nodi na uhamaji wake, ni mali ya mteja na itakabidhiwa pamoja na michoro. Awamu ya mwisho ya malipo isitoke kabla faili hiyo haijaletwa na mtu mwingine kuifungua na kuona kwamba inasomeka.

Wako,
Fundi injini za mashua,
Langoni, Lamu.